Kambi ya Agosti na Habari za Mtaro Wetu

Maneno yaliyosomwa na ofisi ya Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Desemba 2025



Halmashauri imetutaka sisi wa ofisi tuwaeleze habari za kambi ya wanafunzi iliyofanywa mwezi wa Agosti uliopita. Katika hesabu mlizogawiwa asubuhi hii mmeona Sh. 214,600 zimeandikwa mbele ya neno "Kambi", na manung'uniko tumekwisha kuyasikia hata kabla ya chai. Si vibaya. Fedha ni za wanachama, na mwenye mali ana haki ya kuuliza mali yake imekwenda wapi. Basi tutaeleza mambo kama yalivyokuwa, pamoja na jambo moja ambalo ingalikuwa rahisi kwetu kulinyamazia, maana latugusa wenyewe.

Wazo la kambi hii hatukulitunga sisi. Katika jimbo la South Carolina, huko Marekani, kuna mji uitwao Orangeburg, na katika mji huo kuna chuo kikuu kiitwacho South Carolina State, kilichoanzishwa mwaka 1896 kwa ajili ya watu weusi katika siku ambazo milango ya vyuo vingine ilikuwa imefungwa mbele yao. Mwaka 1993 chuo hicho kilianza kuwakusanya wanafunzi wa sekondari wakati wa likizo ya majira ya joto, wakae chuoni, wale na kulala huko huko, waonyeshwe kazi za barabara, reli, madaraja, bandari na viwanja vya ndege. Idara ya barabara kuu ya serikali ya nchi ile iliona faida yake, ikatoa fedha, na mpango ukaenea katika vyuo vya majimbo mengine. Waanzilishi waliona kwamba kazi hizo zilikuwa hazipati vijana weusi wala wasichana wa kutosha, na kwamba sababu haikuwa upungufu wa akili. Mtoto hawezi kuitamani kazi ambayo hajapata kumwona mtu akiifanya. Anaona barabara, lakini hamwoni aliyeipima.

Mwanachama wetu mmoja, ambaye mwanawe amesoma katika nchi ile, alituletea habari hizi mwaka juzi, nasi tukaziweka katika faili tukidhani ni mambo ya matajiri. Lakini tulipotazama vizuri tuliona kwamba jambo lenyewe halihitaji mali nyingi. Lahitaji mahali pa kulala, mpishi, mtu ajuaye kazi, na vitu vya kupimia. Daraja la kutazama tunalo, feri tunayo, na maji yasiyofika mabombani pia tunayo.

Kwetu hakuna likizo ndefu kama ile ya Wamarekani. Agosti ni majira ya kusi, na shule hufungwa kwa majuma machache tu, kwa hiyo tulichukua siku 10. Shule moja ya bweni iliyo upande wa bara ilitukubalia mabweni mawili, jiko na chumba cha maabara, kwa sharti kwamba tupaache mahali pakiwa safi kuliko tulivyopakuta. Walikuja wanafunzi 24 wa kidato cha pili na cha tatu, wavulana 13 na wasichana 11, wote watoto wa wanachama isipokuwa watatu wa majirani. Kila mzazi alitoa Sh. 2,000, na zilizobaki zilitoka katika mfuko wa elimu. Hizo ndizo mnazoziona katika hesabu.

Juu ya wasichana palikuwa na maneno, na ni haki kuyataja. Akina mama waliuliza maswali mawili: nani atawalinda usiku, na je, kazi hii ni ya wanawake? Swali la kwanza lilikuwa swali la mzazi mwema, nasi tulilijibu kwa kuwaomba wajumbe wawili wa kamati ya akina mama walale katika bweni lile kwa zamu, wakafanya hivyo siku zote 10 bila malipo. Swali la pili lilijijibu lenyewe siku ya kwanza saa tatu asubuhi, aliposhuka garini mhandisi tuliyemwomba aje kufundisha. Ni binti wa mwanachama wetu, ameandikishwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, na alikuja amevaa kofia ngumu na buti zenye matope ya kazini. Tangu asubuhi ile swali hilo hatukulisikia tena.

Mwanzo wenyewe haukuwa mwema sana. Usiku wa kwanza gesi iliisha ubwabwa ukiwa mbichi, watoto wakala saa nne usiku. Usiku wa pili wavulana wawili waliruka ukuta kwenda kutazama mpira, wakarudishwa na mlinzi, wakapewa kazi ya kuosha sufuria kwa siku tatu. Twayasema haya ili asije mtu akadhani tulikuwa na malaika.

Sasa, kulikuwa na mzee wetu mmoja, fundi seremala wa zamani, aliyepita siku ya pili akawakuta vijana wa kidato cha tatu wameketi sakafuni wakifunga vijiti vya mishikaki kwa uzi. Akatuuliza kama shule ya chekechea imehamia hapa. Tukamwomba angoje kidogo. Kila kundi lilikuwa limepewa vijiti 60, uzi na gundi, likaambiwa lijenge daraja la kuvuka nafasi ya nusu mita kati ya madawati mawili. Daraja likiisha, ndoo hutundikwa katikati yake, na mchanga humiminwa polepole mpaka daraja livunjike. Kundi la kwanza lilijenga kwa miraba mizuri iliyopangika kama madirisha. Ndoo ilipofika kilo 2 miraba yote ililala upande mmoja na daraja likaanguka, hata kijiti kimoja hakikuvunjika. Kundi lililojenga kwa pembetatu lilibeba kilo 11, na lilipoanguka vijiti vilisikika vikikatika.

Mhandisi aliwaeleza kwamba mraba waweza kusukumwa ukalala ilhali pande zake zote ni nzima, lakini pembetatu haibadiliki umbo mpaka upande mmoja ukatike au kiungo kiachane. Yule mzee alicheka, akasema, "Kumbe mwafundisha kenchi!" Naam, wanachama, ni jambo lile lile ambalo mafundi wetu wa mapaa wamelijua miaka mingi kwa mikono. Akachutama chini, akawaonyesha namna ya kufunga uzi usilegee, na hakuondoka mpaka adhuhuri. Kesho yake alirudi bila kualikwa.

Siku mbili zilitumika kwa saruji. Walichanganya kwa kipimo kimoja, yaani sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto, ila kundi moja lilitia maji kwa kiasi na la pili likatia maji mengi, kama wafanyavyo vibarua wengi ili mchanganyiko umwagike kwa urahisi. Kwanza walijaza chombo cha bati chenye umbo la pia iliyokatwa ncha, kimo chake sentimita 30, wakakivua juu na kupima saruji imeshuka kiasi gani. Ile ya maji kiasi ilishuka kidogo, ile ya maji mengi ikalala kama uji. Kisha walijaza vibweta na kuyaweka matofali yao ndani ya maji kwa siku saba, nayo yalipovunjwa kwa mashine katika maabara moja ya mjini, lile la maji mengi lilivunjika mapema sana. Tunawajua wanachama wanaojenga nyumba zao sasa. Twawasihi wawaulize watoto wao habari hii kabla hawajamwacha kibarua peke yake na ndoo ya maji.

Safari zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa Nyali. Wazee mwakumbuka daraja la zamani lililokuwa likielea, lililofunguliwa mwaka 1931, likipanda na kushuka pamoja na bahari. Wakati wa bamvua maji ya kwetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo njia za kuingilia darajani zilipaswa kuinama na kuinuka kila siku pamoja nayo. Daraja la saruji lililopo lilifunguliwa mwaka 1980. Watoto walilitazama kutoka chini ufukweni, ambako wapitao juu kwa matatu hawafiki, wakaichora miguu yake.

Ya pili ilikuwa Makupa, na hapo mhandisi alikaa nao muda mrefu kuliko tulivyopanga. Wakati wa ukoloni kisiwa kiliunganishwa na bara kwa tuta, yaani bahari ilijazwa mawe na udongo na barabara ikapita juu. Kazi ilikuwa ya nguvu na iliwafaa watu miaka mingi. Lakini tuta lile lilikata njia ya maji kati ya mkono mmoja wa bahari na mwingine. Maji yakakosa kupita, tope likajikusanya, mikoko na mazalia ya samaki vikapata hasara. Mwaka 2022 daraja jipya lilifunguliwa mahali pale, tuta likaondolewa, na maji yakapita tena. Mhandisi aliwauliza watoto, "Waliojenga tuta walikuwa wajinga?" Wengi wakajibu ndiyo. Akawaambia hapana, walijibu swali waliloulizwa, nalo lilikuwa namna ya kuvusha watu na mizigo, na hapakuwa na mtu wa kuuliza juu ya maji. Neno hilo tuliliandika, na baadaye lilitukuta nyumbani kwetu, kama mtakavyosikia.

Ya tatu ilikuwa ng'ambo ya Likoni, tukaenda mpaka Mtongwe. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka hapo, ikiwa imejaza watu kupita kiasi chake, na watu 272 walikufa. Baadhi yenu mlio katika ukumbi huu mlizika. Mhandisi alikuwa ameleta karai la maji, sinia na mawe, ili aonyeshe kwamba chombo cha majini hakitazami uzito peke yake, bali pia uzito umekaa wapi, juu au chini, katikati au ubavuni. Alipokuwa katikati ya maneno, mwanafunzi mmoja alisema kwa sauti ndogo kwamba babu yake yumo katika hesabu hiyo. Sisi hatukujua. Mhandisi aliweka sinia chini. Tulikaa kitambo tukitazama maji, kisha tukarudi garini, na somo la jioni hiyo halikufanywa.

Juu ya maji ya kunywa tutasema kwa ufupi, ingawa watoto walitaka kwenda kuyaona kwenye asili yake nasi hatukuwa na nauli. Bomba kubwa litokalo chemchemi za Mzima, katika Tsavo Magharibi, lililazwa miaka ya 1950. Lasafiri kama kilometa 220 hadi Mombasa, na maji yake huja kwa kuteremka tu, kwa kuwa chemchemi ziko juu nasi tuko chini. Jambo hili liliwashangaza watoto kuliko madaraja yote. Kumbe maji yaweza kuvuka nyika nzima kwa sababu tu kila kipande cha njia kimepimwa vizuri. Ndipo mvulana mmoja aliuliza swali lililoleta yote yatakayofuata. Aliuliza, "Kama maji ya Mzima yaweza kufika Mombasa, kwa nini maji ya mvua hayawezi kutoka uwanjani mwetu hadi bondeni, ambako ni mita 60?"

Wanachama, mwajua uwanja anaousema. Ni uwanja huu wa ukumbi wetu na shule yetu ya chekechea. Miaka miwili iliyopita Chama kilichimba mtaro na kulaza ndani yake bomba la saruji la upana wa sentimita 30, lenye mashimo matatu ya ukaguzi, kwa gharama ya Sh. 268,000. Mwezi wa Mei mwaka huu uwanja ulijaa maji kama kwamba bomba halikuwapo. Watoto wa chekechea walikosa masomo siku sita, na mjane aliye jirani yetu upande wa chini alitolewa nyumbani mwake usiku, godoro likiwa kichwani. Tulilipa watu wa kuzibua bomba mara mbili. Tulisema ni takataka, tukawalaumu majirani kwa kutupa taka.

Mhandisi alisema swali lile lisijibiwe kwa mdomo. Basi siku tatu za mwisho za kambi zililetwa hapa. Watoto walitumia mpira mwangavu wa mita 50 uliojazwa maji, kama ule watumiao waashi wetu. Maji yaliyo katika ncha mbili za mpira husimama sawa daima, hata kama mmoja yuko hapa na mwingine yuko nyuma ya nyumba, kwa hiyo waweza kujua ni mahali gani palipo juu na palipo chini bila kubahatisha. Walifungua mashimo yote matatu, wakateremsha kijiti chenye alama mpaka sakafu ya bomba, wakasoma na kuandika. Kila kipimo kilifanywa mara tatu na watu mbalimbali.

Kutoka shimo la kwanza hadi la pili, mwendo wa mita 40, bomba lashuka sentimita 22. Si nyingi, lakini lashuka. Kutoka shimo la pili hadi la tatu, mwendo wa mita 20, bomba lapanda sentimita 14. Mahali hapo pana mwamba, na aliyepewa kazi, badala ya kuukata, alilipitisha bomba juu yake, akafukia. Maji yakifika shimo la pili yasimama na kuacha tope lake, na tope hilo ndilo tulilolilipia kuzibuliwa mara mbili. Kwa mita 60 bomba lashuka sentimita 8 tu kwa jumla, na mhandisi alisema lingepasa kushuka kama 60.

Hawakuishia hapo. Walipima kwa utepe eneo lote linaloleta maji uwanjani, pamoja na mapaa ya majirani yaelekeayo kwetu, wakapata karibu mita za mraba 10,000. Mhandisi akawaambia wahesabu mvua kubwa ya milimita 50 kwa saa, na kwamba kwa ardhi ngumu na mabati kama haya, sehemu nne katika tano za maji hazinywewi na udongo. Wakapata lita 400,000 kwa saa, yaani kama lita 111 kila sekunde. Mwanachama asiyependa hesabu na awaze mitungi mitano na nusu ya lita 20 ikimwagwa uwanjani kila sekunde, kwa saa nzima. Bomba letu, hata lingalilazwa kwa mteremko ulio sawa, lisingaliweza kupitisha zaidi ya lita 97 au karibu na hapo. Basi lilikuwa dogo tangu dukani. Bomba la sentimita 45, likiteremka vile vile, lapitisha zaidi ya lita 280.

Jioni ya siku ya tisa watoto waliisoma ripoti yao mbele ya kamati ya majengo. Aliyechaguliwa kusema ni msichana wa kidato cha tatu. Aliamkia, "Shikamooni, wazee wetu," akaitikiwa, kisha akasema bila kuzunguka, "Bomba hili lapanda mlima."

Mzee wetu aliyeisimamia kazi ile alikuwapo. Alisema, "Binti yangu, mimi nilisimama pale walipolilaza. Maji hayapandi mlima, nami sikulaza bomba la kupanda."

Msichana akajibu, "Babu, hatukusema umelilaza wewe. Twasema kipimo."

"Basi mtapima tena, nami nikiwapo."

"Naam, babu. Kesho saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya jua kuwa kali."

Sisi tulikuwa tumeketi pembeni tukiandika, na twakiri kwamba tulitamani watoto wawe wamekosea. Tutaeleza sababu. Katika faili ya kazi ile imo hati isemayo kwamba mtaro umekamilika kwa ukamilifu, na chini yake zimo sahihi tatu. Ya tatu ni yetu. Siku hiyo hatukutoka ofisini kwenda uwanjani. Jua lilikuwa kali, hati ilikuwa imekwisha kupigwa chapa, na sahihi mbili za kwanza zilitosha kututuliza. Hatukuwa na mpira wa kupimia wakati ule, ni kweli, lakini hata kama tungalikuwa nao, hatuna hakika kwamba tungaliutoa.

Asubuhi mzee alifika kabla ya watoto. Alishika ncha ya mpira mwenyewe, akavaa miwani, akainama juu ya shimo la tatu, akasoma. Akasoma tena. Akasema, "Sentimita 13. Mlikosea kwa sentimita moja." Kisha aliomba kalamu, akaandika 13 kitabuni kwa mkono wake, akatia sahihi, na kumrudishia msichana kitabu kwa mikono miwili. Wapo waliosema baadaye kwamba watoto walimwaibisha mzee. Sisi tulikuwapo, na hatukuona hivyo.

Aliyeifanya kazi tulimpigia simu. Alijibu kwamba muda wake wa kudaiwa umekwisha, na kwa hati ile tuliyotia sahihi, asema kweli.

Sasa, Mheshimiwa Mwenyekiti, twafika kwenye mambo yanayohitaji kura. Mfuko wa majengo una Sh. 530,000. Mwaka jana mliazimia fedha hizo zijenge baraza mbele ya ukumbi, ili wazee wapate kivuli siku za mikutano. Kulilaza bomba upya, la sentimita 45, pamoja na kuukata mwamba na kujenga mashimo matatu, kumekadiriwa Sh. 412,000. Vyote viwili haviwezekani mwaka mmoja. Halmashauri imegawanyika, nasi wa ofisi hatuna kura, lakini tumeombwa rai yetu, nayo ni kwamba baraza lingoje. Masika yataanza kabla ya sisi kukutana tena hapa, na mjane yule hana mahali pengine pa kulaza godoro lake.

Pia kuna wanachama wasemao kwamba, kwa kuwa kosa limekwisha kujulikana, kambi ya mwaka ujao ifutwe na fedha zake ziingie mtaroni. Hoja hii tumeifikiri sana, kwa sababu ni ya watu wenye uchungu wa fedha, wala si ya watu wabaya. Lakini twauliza: bomba jipya likilazwa, nani atalipima kabla ya udongo kurudishwa? Sisi tulikwisha kuonyesha namna tunavyotia sahihi. Mapendekezo yetu ni kwamba katika mapatano mapya iandikwe kuwa theluthi moja ya malipo izuiwe mpaka mashimo yote yapimwe yakiwa wazi, siku ya Jumamosi, na wanafunzi wetu pamoja na mzee aliyeandika 13. Naye amekwisha kukubali.

Zaidi ya mtaro, mtauliza kambi iliwafaa nini watoto wenyewe. Hatuwezi kudai kwamba tumepata wahandisi 24. Kijana mmoja alituambia waziwazi kwamba hesabu hizi hataziweza na kwamba apenda biashara, nasi twaona ni faida kwamba amejua sasa, kabla babake hajauza ng'ombe kwa karo. Wengine wawili walipenda zaidi kazi ya upimaji wa ardhi. Watano waliuliza habari za Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, ambacho wazee mwakijua tangu kilipokuwa kikiitwa MIOME, kabla hakijapewa hati ya chuo kikuu mwaka 2013. Tuliwaeleza kwamba si kila mtu wa kazi hii huwa mhandisi mwenye shahada. Wako wenye diploma, wachoraji, wachomeleaji na waashi, na kosa la mmoja wao lolote laweza kuupandisha mtaro mlima. Msichana aliyesoma ripoti hakutuambia atakuwa nani. Aliuliza tu kama aweza kuwa na nakala ya kitabu cha vipimo, tukampa.

Kambi ya Agosti 2026 imekadiriwa Sh. 220,000 kutoka mfuko wa elimu, kwa wanafunzi 24 kama mwaka huu. Wazazi waliokwisha kuandikisha majina ni 31, na orodha imebandikwa ubaoni.

Kura itapigwa baada ya chakula. Mpira na kijiti cha alama vimetundikwa nyuma ya mlango wa ofisi, mashimo yote matatu yamefunguliwa tangu asubuhi, na watoto wanne waliokuwa kambini wanangoja nje. Mwanachama apendaye kupima mwenyewe kabla ya kupiga kura ataazimwa mpira, ila twamwomba aje na mwenzake, maana hauwezi kushikwa na mtu mmoja.